Mtoto Akiuliza Habari za Brighton

Mtoto akiniuliza Brighton ni mji gani, humjibu hivi: ni mji wa pwani, kusini mwa Uingereza. Ufuko wake ni wa kokoto. Zamani palikuwa kijiji cha wavuvi. Reli kutoka London ilipofika mwaka 1841, hata watu wa kawaida wakamiminika kuogelea. Lipo kasri lenye makuba, la Mfalme George wa Nne.

Lakini siishii hapo. Mwaka 1914 kasri hilo liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa vitani Ufaransa. Wahindu na Masingasinga waliofariki, maiti zao zilichomwa kwenye vilima nje ya mji. Mnara wao wa marumaru, uliozinduliwa mwaka 1921, ungali umesimama.

Mtoto akionyeshwa kasri, aonyeshwe na mnara.