Sungura Mezani kwa Familia ya Songwe

Nyama ya sungura ina mafuta machache, ndiyo maana moto mkali huikausha ikawa ngumu. Ikate vipande, uipake kitunguu saumu, tangawizi, ndimu kidogo na chumvi, ilale na viungo usiku kucha. Kesho yake ikaange ibadilike rangi tu, weka vitunguu na nyanya, ongeza maji ya moto, funika. Moto mdogo, saa moja hivi, mpaka nyama iachie mfupa. Sungura mzee huhitaji muda zaidi. Mwishoni tia karanga za kutwanga, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo! Mchinjaji, nawa mikono kwa sabuni, na sungura mgonjwa asiingie jikoni kabisa.