Mwaka wa Shati Jekundu

Somo: Luka 13:6-9

 

Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu lilifanya harambee. Kijana wetu mmoja, mkimbiaji wa mbio za nyika, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha miaka miwili huko Texas, Marekani. Chuo kilikubali kumlipia karo na chakula ili akimbie. Nauli ya ndege ilikuwa juu yetu. Akina mama walileta kuku na mayai, vikapigwa mnada. Wazee walitoa mbuzi. Kwaya iliimba mpaka jua likatua. Tukamwombea, tukamsindikiza, tukarudi nyumbani kungoja habari za ushindi.

Habari iliyokuja haikuwa ya ushindi. Kabla ya shindano la kwanza, kijana alianza kusikia maumivu katika mfupa wa muundi. Daktari alipompima, aliona mfupa umeingia ufa mwembamba. Ufa wa namna hii hauletwi na kuanguka. Huja polepole, mguu ukipiga ardhi maelfu ya mara bila kupata nafasi ya kujijenga. Mkimbiaji akipumzika, mfupa hujiunga wenyewe baada ya majuma kadhaa. Asipopumzika, ufa mdogo waweza kuwa mvunjiko kamili.

Mwalimu wake wa riadha akamwambia, "Mwaka huu hutashindana. Utavaa shati jekundu."

Huenda msemo huu ni mgeni kwako, msikilizaji. Ni msemo wa michezo ya vyuo vya Marekani. Husimuliwa ya kwamba mwaka 1937, katika Chuo Kikuu cha Nebraska, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aitwaye Warren Alfson aliomba kufanya mazoezi na wenzake mwaka mzima bila kucheza mechi, apate kukomaa. Akawa akivaa shati jekundu lisilo na namba. Wakati ule, katika vyuo vile vya miaka miwili, mwanariadha alipewa misimu miwili tu ya kushindana katika mchezo wake. Asiposhindana kabisa mwaka mmoja, msimu wake uliwekwa akiba. Lakini akiingia hata katika shindano moja, msimu mzima uliweza kuhesabiwa kuwa umetumika.

Kijana alitupigia simu kutueleza hayo. Nasi, wapenzi, hatukuyapokea vizuri. Tuliulizana, "Je, kuku wetu wamekwenda bure?" Mmoja wetu alisema ni heri arudi nyumbani alime. Mwingine alimwambia ajikaze kiume, aombe Mungu, akimbie walau mara moja ili jina lake lionekane. Twaona haya kulisema jambo hili redioni, lakini ni kweli: tulimshauri mtoto wetu aukimbilie mguu uliopasuka, ili sisi tusionekane tumepata hasara.

Jumapili moja likasomwa Neno hili la Luka. Mtu mmoja alikuwa na mtini shambani mwake. Kwa miaka mitatu alikuja kutafuta matunda asiyapate, akaamuru ukatwe, kwa kuwa ulikuwa ukimaliza nguvu za udongo bure. Ndipo mtunza shamba akamsihi auvumilie mwaka mmoja zaidi, naye atachimba kuuzunguka na kuweka mbolea. Tuliposikia hayo, tulijitambua. Tulikuwa tumesimama chini ya mti ule, na shoka mkononi.

Tazameni ombi la mtunza shamba. Hakuomba mti uachwe tu. Aliomba mwaka wa kazi. Na kazi yenyewe si ya kupendeza macho. Udongo hupinduliwa, mizizi huguswa na jembe, samadi hunuka. Mpita njia angeweza kudhani shamba limeharibiwa.

Ndivyo ulivyokuwa mwaka wa kijana wetu. Asubuhi wenzake walipotoka kukimbia, yeye aliingia katika bwawa akakimbia ndani ya maji, mahali ambapo mguu haupigi chini. Alipanda baiskeli isiyokwenda popote. Aliketi na vitabu vyake, maana mwanafunzi wa kigeni akiacha masomo hupoteza ruhusa ya kukaa nchini. Na siku ya mashindano alibeba maji na nguo za wenzake, akasimama kando ya njia. Alituambia baadaye ya kwamba maumivu ya mguu hayakuwa kitu. Jambo gumu lilikuwa kuwapigia makofi.

Wapenzi, Bwana Yesu hakutuambia kama mtini ule ulizaa. Mfano wafungwa kabla mwaka haujaisha. Tunajua tu kwamba kulikuwa na mmoja aliyeuombea, tena akawa tayari kuchafua mikono yake kwa ajili yake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, watufundisha ya kwamba Kristo yu hai siku zote akituombea. Lakini mwaka wa neema si mwaka wa kulala. Unapewa ili upaliliwe, nao una mwisho wake.

Kijana wetu alikimbia mwaka uliofuata. Hakuwa wa kwanza, wala hakuvunja rekodi. Alimaliza masomo yake. Na sisi tulijifunza kumwuliza maswali mengine katika simu. Badala ya "Utakimbia lini?" tulimwuliza, "Umekula? Umelala? Unasali na nani huko?"

Huenda wewe unayetusikiliza uko katika mwaka kama huo. Wewe ni fundi uliyeanguka kutoka jengoni, au mwimbaji uliyepoteza sauti, au mama ambaye nyonga haikuruhusu tena kufika kanisani. Wenzako wanapita, nawe uko kando ya njia. Usikubali kuukimbilia mguu uliopasuka kwa sababu ya macho ya watu. Kubali kuchimbiwa. Na wewe mzazi, mzee wa kanisa au mwalimu, ambaye una mtu wa namna hiyo karibu nawe, weka shoka chini, ushike jembe. Leo hii nenda ukamtembelee, wala usimwulize atarudi lini.

Tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa uvumilivu wako kwetu. Wakumbuke walioumia, walio kando ya njia, na wanaowapigia wengine makofi huku mioyo yao inalia. Utusamehe sisi tuliowahimiza wakimbie kabla hawajapona. Utufanye watunzaji katika shamba lako. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.