Kupima Nafasi kati ya Pistoni na Hedi: Injini ya Peugeot 504

Nafasi kati ya pistoni na hedi ni uwazi unaobaki pistoni inapofika juu kabisa. Katika injini nyingi za petroli zenye konrodi za chuma, uwazi huo haupunguzwi chini ya milimita 0.9 hivi. Injini ikipata moto na kuzunguka kwa kasi, konrodi hurefuka kidogo, alumini ya pistoni hutanuka, na ulegevu wa beringi huiongezea pistoni mwendo. Nafasi ikiwa finyu mno, pistoni hugonga hedi. Ikizidi, mgandamizo hushuka na nguvu hupotea.

Peugeot 504, iliyounganishwa Mombasa na kushinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, inafaa sana kwa somo hili. Silinda ya injini yake ya lita 2 ina kipenyo cha mm 88 na mwendo wa mm 81, yaani cc 493 hivi. Kila mm 0.1 ya nafasi ni cc 0.6. Uwiano wa mgandamizo ukiwa 8.8, pistoni ikisogezwa juu kwa mm 0.5 uwiano unafika karibu 9.2. Kangundo, penye hewa nyepesi ya nyanda za juu, injini hiyo inaweza kwenda bila petroli kujilipukia na kutoa mlio wa kugonga. Ikiteremka Mombasa, hewa nzito hujaza silinda zaidi na mlio wa kugonga huanza. Kwa hiyo kipimo kichaguliwe kwa kufikiria safari ya pwani pia.

Ugumu wa 504 uko kwenye slivu za silinda. Zinazungukwa na maji na kukalia sili chini, hivyo midomo yake hujitokeza kidogo juu ya bloku. Urefu huo wa kujitokeza hufuata kitabu cha mtengenezaji na hurekebishwa kwa sili za unene tofauti. Gasketi hubanwa kwenye midomo hiyo, kwa hiyo pistoni hupimwa kutoka mdomo wa slivu, wala si kutoka uso wa bloku. Fundi anayesahau hili hupata hesabu isiyo sahihi tangu mwanzo.

Kabla ya kuzungusha krenki, slivu zibanwe kwa bolti na vipande vya chuma. Zisipobanwa, ringi huzivuta juu, sili hutoka mahali pake, na baadaye maji huvuja ndani ya oili. Kisha geji ya saa huwekwa juu ya pistoni, na kipimo huchukuliwa pande zote mbili kwenye mstari wa pini, maana pistoni huyumba. Wastani wake hujumlishwa na unene wa gasketi iliyokwisha kubanwa, si wa gasketi mpya. Silinda zote nne hupimwa. Tofauti kati yake huonyesha konrodi iliyopinda au slivu isiyokaa sawa.

Hedi iliyochongwa huhitaji ukaguzi mwingine, wa valvu. Plastisini huwekwa juu ya pistoni, hedi hufungwa na gasketi iliyotumika, krenki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha plastisini hukatwa na kupimwa pale ilipokuwa nyembamba kabisa. Valvu husogelea pistoni zaidi karibu na mwisho wa mwendo wa kutoa moshi na mwanzo wa kuvuta hewa. Nafasi ya mm 2 hivi hutosha. Ikipungua, gasketi nene zaidi hutafutwa kabla ya kufunga.