Mbegu za Zambarau na Kisukari

(Mazungumzo na wanakisomo baada ya darasa la jioni)

Wiki iliyopita mama mmoja alituuliza: "Mwalimu, mbegu za zambarau zinaponya kisukari, au haziponyi?" Tukamwomba atupe muda tukatafute. Leo tunajibu.

Swali lile lina sababu yake. Sote tunamkumbuka mzee aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. Kliniki walimpa vidonge vya kisukari. Kisha mtu akamwambia, achana na vidonge hivyo, chemsha magome ya mzambarau unywe. Akaacha vidonge. Akajisikia vizuri miezi kadhaa, wala hakwenda kupima tena. Siku moja mwiba ukamchoma shambani, hakusikia maumivu. Kidonda kikaoza. Mguu ukakatwa.

Kwa nini hakusikia? Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Miguu inakufa ganzi, macho yanaingia giza, figo zinachoka. Tena mambo haya huja kimya kimya. Mtu anajiona mzima, kumbe sukari iko juu.

Je, miti haina dawa? Inayo, tusidharau. Kidonge cha metformini, ambacho wagonjwa wengi hupewa kliniki, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Watu wa zamani waliutumia kama dawa. Lakini mmea huo una sumu, kondoo wakiula wanakufa. Wataalamu wakatafuta kile kinachoshusha sukari, kisha wakatengeneza kitu cha jamii yake chenye usalama zaidi. Metformini ilitengenezwa mwaka 1922. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Hesabuni wenyewe: miaka 35!

Sasa mzambarau. Huko Brazili nako watu hunywa chai ya majani yake. Watafiti wa huko wakawagawa wagonjwa. Wengine walikunywa chai hiyo, wengine walimeza kidonge cha hospitali kiitwacho glibenklamidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Wa kidonge, sukari ilishuka. Wa chai, haikushuka.

Najua mama atasema, "Hayo ni majani, mimi niliuliza mbegu." Ni kweli. Mbegu wamepewa panya wenye kisukari, na sukari yao ikashuka. Lakini panya si mtu, mama. Mpaka leo hakuna anayeweza kukuambia unywe vijiko vingapi upone.

Kuna hatari nyingine. Ukichanganya vidonge na dawa ya miti, sukari inaweza kushuka mno. Mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Kama anaweza kumeza, mpeni upesi maji ya sukari, kisha mpelekeni kwa mganga wa zahanati. Na anayechoma sindano za insulini asiziache kwa ajili ya mti wowote. Anaweza kufa katika siku chache tu.

Hatusemi mtu afiche dawa ya bibi yake. Hapana! Kama unakunywa kitu, mwambie mganga. Sasa mnajua kuandika: andika jina la mti, kiasi ulichokunywa, na siku. Peleka karatasi hiyo pamoja na kadi yako. Wapo wanaoogopa kugombezwa, ndiyo maana wananyamaza. Afadhali kugombezwa.

Na kila jioni tazameni nyayo zenu, hata katikati ya vidole. Usiyeona vizuri, mwambie mtoto akutazamie.

Jumatano ijayo, mwenye kadi ya kliniki na aje nayo, akipenda. Tutasoma tarakimu zilizomo. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7, hicho ni kiwango cha kisukari. Mama wa zambarau, ukikubali, tutaanza na kadi yako.