Majina Yetu Yako Ndani ya Mashine: Nani Anayatunza?



Mmetuomba tueleze kwa nini usiku fulani orodha ya familia haifunguki kwenye intaneti, na kwa nini asubuhi yake maneno huanza kutembea kambini kwamba watu wa kabila fulani wamefutwa. Swali hili ni la haki. Tutalijibu ingawa ni jambo la mafundi, kwa sababu majina yaliyomo ni yenu.

Majina mnayotoa siku ya kuandikishwa hayabaki kwenye karatasi. Yanaingia katika kompyuta inayoitwa seva. Hiyo ni kompyuta isiyolala: mchana na usiku inangoja mtu aiulize kwa njia ya intaneti, nayo inajibu. Inaweza kuwa hapa mjini, inaweza kuwa Ulaya. Ndani yake mna programu nyingi zinazobebana: ya msingi kama Linux, inayopokea maulizo, inayotunza orodha, na ile mnayoiona kwenye simu. Zote zimeandikwa na watu, na kazi ya watu haikosi tundu. Tundu likigunduliwa, walioandika programu hutoa kiraka. Kuweka kiraka hicho ndiko kunakoitwa kusasisha.

Sasa, siku kiraka kinapotolewa, mwizi naye anakisoma, na kinamwonyesha tundu liko wapi. Tangu hapo ni mashindano ya mbio. Tarehe 15 Oktoba 2014 watunzaji wa Drupal, programu ya kutengenezea tovuti inayotumiwa na mashirika mengi, walitangaza tundu kubwa. Wiki mbili baadaye waliwaonya wenye tovuti hivi: kama kiraka hakikuwekwa ndani ya muda wa saa 7 baada ya tangazo, wahesabu kwamba wezi wamekwisha kuingia. Saa 7, ndugu zetu. Kuna mafundi waliokuwa wamelala.

Mtasema, sisi tuna shida ya chakula na bashi linalovuja, kompyuta zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana. Wengi wenu mnaijua Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunayoiita CICR, inayosaidia kutafuta watoto na wazazi waliopotezana vitani. Tarehe 9 Novemba 2021 wavamizi waliingia katika seva zake kwa njia ya tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tayari, lakini hakikuwekwa kwa wakati. Waligunduliwa tarehe 18 Januari 2022, baada ya siku 70. Habari za watu zaidi ya 515,000 zilikuwa wazi mbele yao: waliopotea na jamaa zao, wafungwa, watu waliokimbia vita na misiba, kutoka vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Ililazimu kuzima mashine, na kazi ya kuunganisha familia ikapata pigo. CICR yenyewe ilitoa habari hiyo hadharani, nasi tunaiheshimu kwa hilo. Mwezi wa Februari 2022 ilisema haikuwa na ushahidi kamili kwamba habari hizo zimechapishwa au kuuzwa.

Fikirini orodha inayosema nani ametoka kijiji gani cha Masisi, Djugu au Fizi, ana watoto wangapi, na analala kambi ipi. Kwetu sisi huo ni msaada. Kwa mwenye bunduki anayetafuta watu wa kijiji fulani, ni ramani.

Basi kwa nini tusiweke kila kiraka dakika kinapofika? Kwa sababu haraka nayo ina hasara. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows karibu milioni 8.5 zikakwama. Ndege zilibaki chini, hospitali zikahangaika. Hakukuwa na mwizi. Ilikuwa dawa yenyewe. Orodha ikikwama hivyo asubuhi ya kugawa chakula, mnajua wenyewe ugomvi utaanzia wapi.

Kwa hiyo tunatembea katikati ya hatari hizo mbili. Kwanza tunachukua nakala ya orodha nzima na kuiweka mahali pengine, imefungwa kwa siri. Kisha tunajaribu kuirudisha, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu. Tuna mashine ya pili ya majaribio, yenye programu zile zile lakini majina ya uongo. Kiraka kinaanzia huko. Kile cha kuziba tundu la hatari hakikai zaidi ya siku moja kwenye majaribio. Mapambo ya tovuti yanaweza kungoja hata mwezi. Kwenye seva yenyewe tunafanya kazi usiku, wakati maulizo ni machache, na kamwe si siku ya kugawa. Kwa kuwa mtandao wetu unakatika ovyo, mafundi hutumia programu kama tmux, ili kazi iendelee kule hata mawasiliano yakikatika huku. Mwishoni programu zinawashwa upya. Wengi wanasahau jambo hili: kiraka kimewekwa, lakini programu ya zamani, yenye tundu, bado inaendelea kufanya kazi.

Jambo linalotunyima usingizi zaidi ni lingine. Mradi una mwisho, fedha zinakwisha, wageni wanaaga, lakini seva inabaki inawaka na majina yenu ndani, bila mtu wa kuweka viraka. Programu nazo huzeeka. Linux ya aina ya Debian 10 ilikoma kupata viraka vya bure vya usalama kutoka mradi wa Debian tarehe 30 Juni 2024. Anayeitumia leo bila mpango mwingine amelala mlango wazi. Kwa hiyo shirika lolote likija kuwaandikisha, hata letu, ulizeni nani ataitunza mashine mradi ukiisha, na siku gani majina yatafutwa. Sheria ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inampa mtu haki ya kujua habari zake zinazotunzwa, na kuomba zisahihishwe au zifutwe. Hamwombi fadhila.

Kuanzia sasa, kila tutakapofunga orodha usiku, wenyeviti wa kamati zote, za kila jamii, watapata ujumbe wa simu siku moja kabla, wenye saa ya kufunga na saa ya kufungua. Asubuhi tutahesabu familia mbele yao, idadi ya jana na ya leo, kabla ya mtu yeyote kupanga mstari. Anayemtafuta mtoto wakati mashine imefungwa aende kwa katibu wa kamati. Daftari la karatasi liko pale, na linafungwa kwa kufuli.