Kutazama Ndege wa Upare: Kutoka Shengena hadi Mlango wa Mto Pangani

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Wilaya ya Same)



Nimeombwa kuzungumza juu ya kutazama ndege. Wapo wanaodhani kwamba hiyo ni starehe ya wageni wenye darubini na muda wa kupoteza. Nia yangu ni kuonyesha kwamba jambo hili ni letu, kwani anayewafahamu ndege wa eneo lake huwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona msitu na maji vikiharibika.

Tuanze na milima. Kilele cha Shengena, chenye kimo cha meta 2,462, ndicho kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare. Msitu wa Hifadhi ya Chome unaokizunguka una zaidi ya hekta 14,000. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huupanda mlima zikiwa na unyevu, nao msitu huupokea unyevu huo kwa mvua na ukungu. Ndiyo sababu mteremko wa mashariki una neema ya maji, ilhali mji wa Same, ulio upande wa pili, hupata mvua haba.

Katika msitu huo anaishi kinengenenge wa Pare Kusini. Ni ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani na duara jeupe kuzunguka jicho, aendaye kwa makundi akitafuta wadudu katika majani. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930. Kwa muda mrefu alihesabiwa pamoja na jamaa zake wa milima mingine. Leo anatambuliwa kuwa spishi ya peke yake, isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Simba akitoweka Mkomazi, tutamwona Serengeti. Kinengenenge huyu akitoweka Chome, hapana pa kumfuata.

Msitu huo umeumizwa na moto, uchimbaji haramu wa dhahabu na ukataji wa mkulo kwa ajili ya mbao. Hasara yake haiishii kwa ndege. Vijito vinavyojaza ndiva na kumwagilia mashamba yetu huanzia humo. Wazee waliojenga ndiva na kupanga zamu za maji ndio hao hao waliokataza kukata miti katika misitu ya koo. Walijua kwamba mambo hayo mawili hayatengani.

Tukishuka uwandani, tunaikuta Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Lango la Zange liko karibu kabisa na mji wa Same, na ndani yake zimekwisha kuonekana aina zaidi ya 400 za ndege. Kololo huonekana vichakani, na ndege wa majini katika bwawa la Dindira. Tangu Oktoba hadi Aprili huwapo pia wageni wa kaskazini, kama vile mbayuwayu na keremkerem. Ng'ambo ya mpaka, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi inayopakana na Mkomazi, ndege wahamao wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete miguuni pale Ngulia tangu mwaka 1969, kisha huachiliwa. Baadhi ya pete hizo zimepatikana Ulaya na Asia. Basi vichaka vyetu ni kituo katika safari ya mabara matatu.

Maji ya Upare nayo husafiri. Mto Mkomazi huyachukua yale ya mashariki hadi Mto Pangani, nao huyafikisha baharini. Mbele ya mlango wa mto huo kipo kisiwa cha Maziwe, mahali pa ndege wa pwani na kasa. Zamani kilikuwa na miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na sasa ni fungu la mchanga ambalo bahari hulifunika maji yajaapo sana. Kasa wameendelea kwenda kutaga, na mayai yao yamekuwa yakihamishiwa ufukwe wa bara ili yasiharibike. Hilo ni fundisho: mahali paweza kutoweka machoni pa watu.

Ndugu Wananchi, naomba yafuatayo yazingatiwe:

(a) Atakaye kutazama ndege aanze alfajiri, avae nguo zisizong'aa, na anyamaze. Macho na subira vyatosha. Darubini ni msaada tu.

(b) Aandike katika daftari tarehe, mahali, aina na idadi. Daftari la miaka kumi ni ushahidi ambao maneno matupu hayawezi kuushinda.

(c) Asisogelee viota wala kuchukua mayai au makinda.

(d) Aingiapo hifadhini apate kibali kwanza, na aonapo moto, shimo la dhahabu au mkulo uliokatwa, atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au kwa maofisa wa misitu bila kuchelewa.

Walimu wanaweza kuanzisha kazi hii shuleni pasipo gharama kubwa. Mtoto anayeweza kuwataja ndege ishirini wa kijiji chake atauliza mmoja wao anapokosekana. Swali hilo lisipoulizwa mapema, litaulizwa siku ndiva itakapokauka.