Shahidi Mjuzi na Haki ya Mkimbizi



Tumetakiwa na tawi tuseme machache juu ya jambo linalowahusu watoto wetu walioko ng'ambo, nalo ni ushahidi wa wajuzi mbele ya mahakimu wanaosikiliza maombi ya wakimbizi.

Wapo wadhanio kuwa mkimbizi akisha kusimulia kisa chake, kazi imekwisha. Sivyo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 wamtaka awe na khofu yenye msingi, ya kuonewa kwa sababu ya asili yake, dini, uraia, kundi lake au fikira zake za siasa. Hakimu aliyekaa London hajapata kukanyaga Wete wala Micheweni. Msingi huo ataujuaje? Hapo ndipo aitwapo mjuzi: mwalimu wa chuo kikuu aliyeisoma nchi, daktari ajuaye makovu, au mtu wa elimu ya lugha. Kwetu si jambo geni. Makadhi tangu zamani huwauliza ahlul-khibra.

Mjuzi huyo, ingawa aitwa na upande mmoja, wajibu wake ni kwa mahakama. Yampasa aseme ameyajua wapi ayasemayo, na ayataje hata yanayomdhuru aliyemwita. Daktari naye ana kipimo. Itifaki ya Istanbul ya mwaka 1999 yamtaka alipime kovu kwa daraja: halilingani na kisa, lalingana, lalingana sana, ni la namna ijulikanayo, au halina sababu nyingine ila hiyo. Wengi watamwona daktari asemaye "lalingana" tu kuwa ni mwoga. Sisi twaona huyo ndiye atakayesadikiwa siku atakaposema "halina sababu nyingine".

Lakini lililotugusa zaidi ni la lugha, kwa kuwa lugha yenyewe ni yetu. Wabajuni wanakaa Chula na Koyama, visiwa vya Somalia, hata Faza upande wa Kenya. Mpaka wa wakoloni umewakata kati. Vita vya Somalia vilipowafukuza tangu mwaka 1991, wengi walikimbilia pwani ya Kenya, na watoto wakakulia huko. Baadhi yao walipofika Uingereza waliambiwa: semeni tuwasikie. Sauti zao zilichunguzwa na kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab, na wachunguzi wasiotajwa majina wakaandika huyu ni wa Somalia, huyu ni wa Kenya.

Je, ulimi waweza kumtaja mtu serikali yake? Mtu wa Makunduchi na mtu wa Micheweni hawasemi sawa, na serikali yao ni moja. Mtoto wa Chula aliyelelewa Mombasa atasema kama walivyosema aliocheza nao. Mwaka 2004 wataalamu 19 wa lugha walitoa muongozo wakieleza kuwa lugha huonyesha watu ambao mtu amelelewa kati yao, na kwamba uraia hausomeki humo.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya waombaji wawili waliosema ni watu wa Somalia, hali ripoti za kampuni hiyo zikiwaweka Kenya. Mahakama haikuzikataa ripoti za namna hiyo, bali ilikataa zipewe uzito wa pekee. Na wachunguzi wa lugha waliojitia kuhukumu kama mwombaji aijua nchi yake, bila ya kuonyesha ujuzi wao katika hilo, iliwalaumu.

Tuje kwetu. Baada ya waandamanaji kupigwa risasi tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu wapatao 2,000 walivuka kwenda Kenya, wengi wakishukia Shimoni. Human Rights Watch iliyaandika hayo mwaka 2002, na mjuzi aweza kuishika ripoti ile mkononi. Lakini ripoti haimtaji kila mtu. Ndipo wakili akaandikia tawi: mwamjua huyu?

Barua yetu si ya mjuzi, ni ya shahidi wa kawaida. Tusiivike joho lisilo lake. Iseme fulani aliandikishwa tarehe fulani, alishika kazi fulani, siku fulani alionekana na jeraha, na nani aliyemwona. Kama atadhurika akirudi, hilo tuwaachie wajuzi. Tumeambiwa: "Sheikh, kijana yumo mashakani, mwandikieni tu." Huruma hiyo twaielewa. Lakini barua moja ya kumpendeza jamaa, ikigunduliwa, itawavunjia wote watakaofuata, nao wana makovu ya kweli.

Basi kila tawi liwe na daftari. Sisi wenye maduka twajua: deni lililoandikwa siku ile ile halina ubishi kama lililokumbukwa mwaka wa pili. Mtu akipigwa, liandikwe jina, mahali na saa, na nakala ya PF3 na ya cheti cha hospitali ziwekwe pamoja. Vijana wenye khati nzuri walio tayari kwa kazi hii wamwone katibu wa tawi.